Kusoma fataki za maganda kwenye bunduki kuukuu za jeshi

Fataki ni kikombe kidogo katikati ya kitako cha ganda, ambacho pini ya bunduki hukigonga ili baruti iwake. Kwenye bunduki mpya, fataki iliyolala bapa mara nyingi ni dalili ya presha kubwa ya gesi. Kwenye Lee-Enfield ya .303 ya Waingereza au Mauser ya Wajerumani iliyopita mikono mingi tangu vitani, fataki hiyohiyo inaweza kuwa inalalamikia pini, tundu inamotokea pini au bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) iliyochakaa, na presha yenyewe ikawa ya kawaida kabisa. Kwa hiyo mwenye bunduki ya kibali kule Liwale au Nachingwea, anayeitumia kwa nguruwe pori wanaomaliza mihogo, asome ganda zima, siyo fataki peke yake.

Anza na risasi ambayo haijapigwa, ya boksi lilelile. Fataki yake inatakiwa izame kidogo chini ya usawa wa kitako, kama milimita 0.1, na ukingo wake uwe umeviringika. Angalia pia kama kiwandani imebanwa kwa duara au kwa alama tatu za patasi kuizunguka. Risasi nyingi za jeshi hubanwa hivyo, na fataki iliyobanwa hairudi nyuma kirahisi, maana yake itakuficha dalili utakayosoma baadaye. Halafu kikombe cha fataki ya jeshi huwa kigumu kuliko cha kiraia. Presha inaweza kupanda mno kabla hakijalala. Linganisha ganda na mwenzake wa boksi moja tu.

Piga risasi tano mahali panaporuhusiwa, miwani ikiwa machoni. Fungua bolti taratibu na ulitoe ganda kwa mkono, lisirukie mchangani likapata mikwaruzo ya uongo. Yape namba kwa kalamu ya wino mzito. Yafute kwa kitambaa kikavu, kisha yaangalie kwa lenzi ya fundi saa huku taa ya simu ikimulika kutoka ubavuni. Mwanga wa juu moja kwa moja hufuta vivuli, na ni vivuli unavyotafuta.

Simamisha ganda kwa kitako juu ya kipande cha kioo. Likiyumba, fataki imetokeza. Wembe wa kawaida una unene wa milimita 0.1 hivi: ukiingiza nyembe mbili au tatu chini ya ukingo, unajua fataki imetoka kiasi gani. Wengi wakiona hivyo husema baruti ni kali. Ni kinyume chake. Risasi ikilipuka, fataki husukumwa nyuma kwanza, ganda likiwa bado limeng'ang'ania kuta za chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi. Presha ikiwa ya kutosha, ganda hunyooka nalo, likarudi na kuisukuma fataki mahali pake. Ikiwa ndogo, fataki hubaki nje. Iliyotokeza, basi, inasema mambo mawili: presha ni ya chini, na kuna nafasi iliyozidi kati ya uso wa bolti na ganda. Na ile iliyorudishwa kwa nguvu mara nyingi hutoka imepondwa bapa, ikafanana kabisa na ya presha kubwa. Hapo ndipo watu hudanganyika.

Kwenye .303 nafasi hiyo hupimwa pale unapokaa ukingo wa ganda, kutoka uso wa bolti hadi mtutu: kipimo cha chini ni milimita 1.63, na jeshi liliikataa bunduki iliyofika 1.88. Lee-Enfield No. 4 ina vichwa vya bolti vya namba 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Kukibadilisha ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni na geji zake za kupimia nafasi hiyo.

Kreta, yaani ukuta mdogo kuzunguka alama ya pini, kwenye bunduki kuukuu mara nyingi husababishwa na tundu la pini lililopanuka au springi iliyochoka. Fataki iliyotoboka ni jambo jingine: simama hapohapo. Toa bolti, angalia ncha ya pini. Inatakiwa iwe ya mviringo na laini. Ikiwa imechongoka au imeliwa na kutu, mkosaji ni huyo. Mauser 98 ina matundu mawili kwenye bolti ya kutolea gesi. Lee-Enfield haina kinga ya kiwango hicho, na gesi hutafuta jicho.

Pwani yetu ya chumvi, Mikindani mpaka Kilwa, huwafanya watu wamiminie bunduki mafuta. Kuhifadhi, sawa. Ila chemba yenye mafuta haishikiki. Ganda huteleza na kuigonga bolti kwa nguvu zaidi, na fataki hulala bapa. Kausha chemba kwa kitambaa kabla ya kupiga, ndipo usome.

Dalili nzito zaidi ziko nje ya fataki: bolti ngumu kufunguka, maandishi ya kitako yaliyosagika, fataki iliyolegea hadi kudondoka yenyewe. Zikiwa mbili pamoja, boksi hilo lisipigwe tena. Risasi zilizoachwa juu ya dashibodi juani hupandisha presha bila baruti kubadilika. Na kwa Mauser za kale, jua mtutu wako: wa zamani ulitengenezewa kichwa cha risasi chenye kipenyo cha milimita 8.08, wa baadaye 8.20. Kubwa ikiingia kwenye mtutu mwembamba, usingoje fataki ikwambie.

Mwisho kagua ndani ya ganda. Noa ncha ya spoki ya baiskeli, ikunje kama ndoano ndogo, iingize na uiburute ukutani kutoka chini kwenda juu. Ikikwama kwenye mfereji sentimita moja hivi juu ya kitako, mahali ambapo nje pana pete inayong'aa, ganda hilo lilikuwa linaelekea kukatika vipande viwili.

Fataki za zamani za jeshi huacha chumvi ndani ya mtutu, na mafuta hayaiyeyushi. Siku hiyohiyo, bolti ikiwa nje, pitisha maji ya moto mtutuni, kausha kwa vitambaa mpaka vitoke vyeupe, ndipo upake mafuta. Osha na uso wa bolti.