Kabla hujastaafu: mambo ya kuangalia uchumi unapoyumba

Uchumi ukiyumba, mtumishi wa umma huchelewa kujua kwamba mafao yake nayo yameguswa. Mshahara unaingia, makato yanaonekana kwenye hati ya mshahara, basi anatulia. Kama umebakiza miaka kumi au pungufu kufikia 60, au 55 kwa hiari, usitulie.

Elewa kwanza hela inakwama wapi. Mchango wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma Tanzania, ni asilimia 20 ya mshahara: 5 zako, 15 za mwajiri. Biashara zikidorora, kodi na ushuru vinapungua, na mwajiri akibanwa, michango ndiyo hulazwa kwanza kwa sababu haipigi kelele kama mshahara. Ajira mpya husimama, wachangiaji hawaongezeki, wastaafu wanaongezeka. Juu ya hayo, Serikali nayo hukopa kwenye mifuko. Chuo Kikuu cha Dodoma kilijengwa kwa mikopo ya namna hiyo. PSPF, mmojawapo wa mifuko iliyokuja kuunganishwa kuwa PSSSF, ilipoanza 1999 ilibebeshwa watumishi ambao miaka yao ya nyuma haikuwa imechangiwa hata senti. Deni hilo lilikaa zaidi ya miaka ishirini, mpaka mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilipotoa hatifungani maalumu (hati za ahadi ya kulipa deni) za shilingi trilioni 2.17 kulipunguza. Na msidhani ni kwetu tu: Ghana, Desemba 2022, Serikali ilipoelemewa na madeni, hatifungani za mifuko ya pensheni zilikuwa miongoni mwa zilizotakiwa kubadilishwa kwa masharti mabaya zaidi. Vyama vya wafanyakazi vilitishia kugoma ndipo zikaondolewa wakati ule.

Barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na za kupanda daraja: toa nakala, weka mahali pawili. Majina na tarehe ya kuzaliwa vilingane na kitambulisho cha NIDA. Kama ulikuwa LAPF, PPF, GEPF au PSPF kabla ya mifuko kuunganishwa Agosti 2018, hakikisha miezi yako yote ya zamani imehamia.

Sasa hili lisome taratibu. Mjomba wangu alikuwa dereva wa halmashauri, analipwa kwa mapato ya ndani, siyo na Hazina. Hapo ndipo penye hatari, maana mshahara wa namna hiyo unategemea ushuru wa stendi, soko na mazao. Mwaka 2020, corona ilipoingia, wageni walikatika na makusanyo yakashuka. Mshahara wake haukukosa. Hati ilionyesha kila mwezi kwamba asilimia 5 imekatwa. Alipofika 60 akaenda dirishani kufuatilia mafao, kijana wa mfuko akamgeuzia kompyuta aone mwenyewe: safu ya michango ina mapengo, miezi mitupu imefuatana, kisha mmoja umejazwa, kisha mitupu tena. Jumla haikufika miezi 180, na bila miezi 180 hakuna pensheni ya kila mwezi. Akarudi kwa mwajiri, akaambiwa fedha zimepelekwa. Akarudi kwenye mfuko, hazipo. Mhasibu wa kipindi kile alikuwa amehamishwa. Aliendelea kupanda basi kati ya ofisi hizo mbili huku nyumbani wakila kwa hisani ya watoto. Aliyemwokoa ni mkewe, aliyekuwa akizitunza hati zote za mshahara kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, zimepauka lakini zinasomeka. Zilipowekwa mezani, mwajiri alikosa pa kukwepea, akaanza kuleta malimbikizo kidogo kidogo. Pensheni ya kwanza ilikuja baada ya zaidi ya mwaka.

Kwa hiyo, kila robo mwaka chukua taarifa ya michango, kwa simu kupitia PSSSF Kiganjani au ofisini, uilinganishe na hati zako mwezi kwa mwezi. Ukiona pengo, andika barua kwa mwajiri, nakala kwa mfuko na chama chako cha wafanyakazi, na barua yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo kwenye korido hayahesabiki.

Usipange maisha kwa kikokotoo cha jana, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao. Mkupuo, yaani sehemu ya mafao unayolipwa kwa mara moja unapostaafu, ulikuwa asilimia 50 kwa wa PSPF na LAPF na 25 kwa wengine. Kanuni za 2018 zikawaweka wote kwenye 25, zikasitishwa mwaka huohuo. Julai 2022 ikawa 33. Mwaka 2024 ikatangazwa 40 kwa wale wa 50 na 35 kwa waliobaki. Kila mfuko ukibanwa, hesabu huguswa. Tena pensheni hupigwa kwa wastani wa mishahara yako mizuri ya miaka mitatu, kwa hiyo madaraja yakisimamishwa katika miaka yako ya mwisho, unaumia mpaka kaburini. Dai daraja lako mapema.

Usikope kwa kutegemea mkupuo, hasa kwa wale wa riba ya kila wiki. Usianze msingi wa nyumba utakaosubiri mafao kupaua. Uliza bima ya afya itakuwaje baada ya kazi. Anayepiga simu akidai ada ili "kuharakisha faili" ni tapeli, kata. Na mwenza wako ajue hati ziko wapi, akaunti ni ipi, na ofisi ya mfuko iko mtaa gani.