Mtutu mpya huuawa na ufito

Mzee mmoja, mkulima wa Njoro, aliniletea bunduki yake ya .308 akilalamika kwamba risasi zinamkimbilia kulia. Mtutu ulikuwa na miaka miwili tu na haujafyatua hata risasi 200. Nilipoumulika mdomoni nikakuta ukingo umelika upande mmoja. Mzee alikuwa akiusafisha kila Jumapili bila kukosa, kwa ufito wa chuma wa kuunganisha vipande, akiuingizia kwa mbele. Nimekaa ghala la silaha miaka 22 kabla ya kustaafu hapa Lanet, na bado huniuma kuona chombo kizuri kikiharibiwa na mtu anayekipenda.

Kwa hiyo mtutu mpya usafishe kabla ya risasi ya kwanza, maana hutoka kiwandani na mafuta na chembe za chuma ndani. Toa magazini, angalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa jicho, kisha ipapase kwa kidole. Ndipo utoe bolti. Chukua ufito wa kipande kimoja, uliovikwa plastiki, wenye kitambaa nchani, uuingize kwa nyuma kupitia mrija wa kuongozea unaokaa mahali pa bolti. Mrija huo hulinda koo, pale inapoanzia mifuo, yaani ile mistari ya ndani inayoizungusha risasi. Kitambaa kikichomoza mdomoni, kivue, kisha urudishe ufito mtupu. Burashi ya shaba nayo ipite mpaka itokeze nje. Usiigeuze ikiwa bado ndani. Tena futa ufito kila utokapo mtutuni. Vumbi la Nakuru ni la volkano, na likishikamana na ufito linakuwa msasa.

Kwenye uwanja wa shabaha, kuuzoesha mtutu mpya, mimi hupiga moja nasafisha, mara 5. Kisha tatu-tatu, mara 3. Sababu iko kooni. Kifaa cha kuchongea chemba huacha mikwaruzo midogo iliyokingama njia ya risasi. Risasi ikipita inakwanguliwa shaba, na shaba hiyo inaenda kuganda mbele ndani ya mifuo. Usipoitoa, shaba inarundikana juu ya shaba na baadaye ni kazi kuiondoa. Kusudi ni risasi zilainishe ile mikwaruzo bila shaba kurundikana. Wapo mafundi wasiokubali haya kabisa. Gale McMillan wa Marekani, aliyetengeneza mitutu mwenyewe, alisema utaratibu huu unaula tu umri wa mtutu. Mimi nasikiliza kitambaa. Mtutu uliosuguliwa kwa mkono kiwandani huweza kutulia baada ya risasi chache, na hapo naacha. Wa AK, uliopakwa kromu ndani, sihangaiki nao.

Kitambaa kikitoka cheusi, hayo ni masizi ya baruti. Kikitoka buluu au kijani, dawa ya kusafishia imeikuta shaba. Lakini angalia: burashi ya shaba yenyewe hutia rangi hiyo hiyo, kwa hiyo dawa ya shaba ipake kwa kitambaa, la sivyo utasugua usiku kucha ukifukuza uchafu ambao haupo. Dawa yenye amonia usiizidishie dakika zilizoandikwa kwenye chupa, na fungua dirisha. Ikishamaliza kazi, kausha, pitisha mafuta mepesi. Wenye .303 na risasi za zamani waanze na maji ya moto, kwa sababu fataki zake, yaani viwashio vya kitakoni mwa risasi, huacha chumvi, na chumvi haiondoki kwa mafuta.

Msimu wa mvua, bunduki ikitoka kwenye baridi ya Molo na kuingia chumba chenye moto, hutoa jasho. Iache ipate joto, kisha ikaushe. Na siku ya kwenda kupiga, pitisha kitambaa kikavu kwanza mtutuni na kwenye chemba. Mafuta yaliyobaki huongeza shinikizo na kuipotosha risasi ya kwanza.

Yule mzee, fundi mwenye leseni alimkatia ukingo upya, milimita chache tu, na bunduki ikarudi kwenye shabaha. Sasa husafisha baada ya kupiga, si kila Jumapili. Ufito wake wa chuma ameniachia mimi.