Mtoto Alale, Viazi Vimenywe

Nauza chipsi Mwananyamala, jiko nawasha saa 10 jioni. Mke wangu anashinda dukani Kariakoo, kwa hiyo mchana binti yetu wa miezi 8 ni wangu. Viazi vinamenywa yeye akiwa amelala. Asipolala, wateja wa jioni wanakuta ndoo haijajaa. Ndiyo maana usingizi wake nausimamia kama ninavyosimamia mafuta na mkaa.

Kitu cha kwanza kuangalia ni mtoto amekaa macho muda gani, saa ya ukutani baadaye. Kichanga cha wiki chache huchoka baada ya dakika 45 hadi lisaa. Wa miezi 4 anavumilia lisaa na nusu hadi masaa 2. Wa umri wa binti yangu anafika masaa 2 na nusu, 3, akiwa mchangamfu anapitiliza kidogo, na jioni kabla ya kulala usiku hufika hata 4. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miezi 4 hadi 11 alale masaa 12 hadi 16 kwa siku, mchana na usiku pamoja. Aliye chini ya hapo, 14 hadi 17. Kwa hiyo jirani akikwambia mtoto wako analala sana, mwache aseme.

Kisha jua ishara za mtoto wako. Wangu anaacha kuchezea kifuniko cha ndoo, anaikodolea macho balbu, halafu mkono unakwenda sikioni. Hapo hapo namnyanyua. Ukingoja mpaka alie, usingizi umeshamruka, na mtoto aliyechoka kupita kiasi ndiye mgumu kuliko wote kumlaza. Wapo wanaodhani ukimchosha sana atalala fofofo. Atajipinda, atakupigia kelele, na akilala anashtuka baada ya nusu saa.

Siku yetu inakwenda hivi. Anaamka saa 12 asubuhi, namtoa uwanjani apate mwanga, maana mwanga wa asubuhi unaufundisha mwili kwamba usiku umekwisha. Saa 3 kasoro robo analala mpaka saa 4 na kitu. Saa 7 na robo analala tena, na saa 9 kasoro robo nahakikisha yuko macho. Saa 1 kasoro usiku anawekwa kitandani. Dar giza linaingia baada ya saa 12 jioni mwaka mzima, kwa hiyo jambo hilo Mungu ametusaidia: pazia zito la nini?

Usingizi wa asubuhi ni mwepesi kuupata. Kazi ipo kwenye ule wa saa 7. Mabati yamepata moto, chumba kinakuwa tanuri, na kuanzia Desemba mpaka Machi ndiyo usiseme. Mimi namhamishia chumba cha mbele chenye madirisha mawili yanayotazamana. Nalaza godoro lake gumu sakafuni, shuka moja limenyooshwa vizuri, yeye kavaa nepi na fulana nyepesi. Feni naielekeza ukutani upepo urudi kwake, nisimpige nao usoni. Namgusa shingoni kwa nyuma: pakiwa na jasho, napunguza nguo. Viganja vikiwa vya baridi visikutishe ukamvika soksi na kofia. Umeme ukikatika, napepea kwa kipande cha boksi mpaka ashikwe na usingizi. Na aliye chini ya miezi 6 usimpe maji kwa sababu ya joto. Ziwa la mama linatosha.

Alale chali. Mama mkwe alitaka alazwe kifudifudi atoe gesi, nikamwambia, "Mama, kifudifudi tutamweka akiwa macho, tukimtazama." Mto, mdoli na blanketi la manyoya vikae mbali naye. Juu yake naweka kile chandarua cha mwavuli, mchana pia, nikikagua kwanza kama kuna mbu amejifungia ndani. Dawa ya mbu ya kuchoma sitaki moshi wake chumbani kwake.

Kelele? Mwananyamala huwezi kuzizima. Feni ikivuma au redio ikisema chini chini, mtoto anazoea. Kinachomwamsha ni cha ghafla, yule wa vyuma chakavu akifika dirishani na kipaza sauti chake. Ukimjua saa anazopita, mlaze chumba cha upande wa pili. Mtaani wakipiga kigodoro, usishindane nacho. Chukua kanga, mbebe. Mimi namfunga mbele, uso wake nauona, kidevu hakijabanwa kifuani. Wanawake wa bombani walicheka wakachoka.

Kuna watu wanampa mtoto dawa ya mafua au ya kikohozi ili alale. Usithubutu. Dawa zile zinaweza kumvurugia mtoto mdogo upumuaji. Na mtoto anayelala kuliko kawaida yake, hataki kunyonya, ana homa au ni mgumu kumwamsha, huyo si wa kupangiwa ratiba. Mpeleke hospitali sasa hivi.

Usingizi wa tatu, ule wa jioni, wengi huuacha kati ya miezi 6 na 9. Utajua umefika wakati: anaukataa, au akiupata anacheza mpaka saa 4 usiku. Wakati wa mpito, siku aliyolala vibaya mchana, mpe dakika 20 tu kabla ya saa 10 au muwahishe kulala usiku kwa nusu saa.

Hapo ndipo ninapokabidhi. Mama mkwe anafika natoka na ndoo zangu, na penzi la bibi ni kumpakata mjukuu barazani mpaka asinzie saa 11. Ratiba yote inaanguka hapo. Siku hizi naandika kwa chaki mlangoni saa aliyoamka, na nimemwomba amwogeshe saa 12: maji vuguvugu, mafuta, uji kidogo, ziwa mama yake akirudi, taa inazimwa. Chaki inasaidia kuliko maelezo, kwa sababu mkwe huwezi kumwelekeza mara mbili.