Jinsi ya kuandika haiku kuhusu magofu: hatua kwa hatua, kwa mfano wa Kilwa Kisiwani

Haiku ni shairi la Kijapani la mishororo mitatu: mizani (silabi) 5, kisha 7, kisha 5. Aliyezoea kuhesabu mizani nane za utenzi hatapata shida na hesabu. Shida huja tukisimama mbele ya jengo la kale, maana kila mtu hutaka kulisifu. Nitatumia Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu katika pwani ya kusini ya Tanzania, lakini hatua hizi zinafaa Gedi, Lamu, Bagamoyo au popote penye ukuta wa zamani.

1. Chagua kipande kimoja, acha jengo zima

Husuni Kubwa, kasri lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina vyumba zaidi ya mia moja. Mizani 17 haziwezi kulibeba. Chagua birika lake la kuogea lenye pembe nane, au ngazi inayoteremka baharini. Ukiwa Msikiti Mkuu, tosheka na kuba moja au tundu moja ukutani.

Inasaidia kujua jengo lilivyojengwa. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Dari zilizo bapa zilishikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazikuwa ndefu, vyumba vingi vya majumba ya mawe ya pwani ni virefu lakini vyembamba. Ukishalijua hilo, tundu la boriti halikupiti hivi hivi.

2. Orodhesha vitu, kisha futa sifa

Andika unachokiona, unachokisikia na unachokigusa. Halafu piga mstari juu ya kila neno la aina ya utukufu, fahari, enzi, kale, siri. Tazama haya:

Magofu haya
yatukumbusha enzi
za utukufu.

Mizani zimetimia, shairi halipo. Ni maneno ya kibao cha watalii, na ungeweza kuyaandika bila kutoka nyumbani.

3. Tia majira

Haiku ya jadi hubeba neno la msimu. Wajapani wana theluji na maua ya mcheri, usiyaazime. Sisi tuna masika, vuli, kipupwe, kaskazi na kusi. Kwa magofu ya pwani, pepo hizi ndizo zilizoujenga mji. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na biashara hiyo, dhahabu ya Sofala (pwani ya Msumbiji ya leo) ikiwemo, ndiyo iliyolipia mawe unayoyaona. Ukiandika "kusi" mbele ya ukuta wa Kilwa, umeshaingiza historia nyingi kwa mizani mbili tu.

4. Weka mkato

Hapa ndipo wengi huteleza. Haiku huwa na pande mbili zinazowekwa jirani bila kuelezwa uhusiano wake. Wajapani hutumia vijineno maalumu vya kukata. Sisi kistari kinatosha.

Paa halipo —
matundu ya boriti
yalaza njiwa.

Upande wa kwanza unasema kilichopotea, wa pili kilichopo leo. Usiandike "kwa hiyo", "kama" wala "lakini" katikati. Msomaji ataunga mwenyewe, na akishindwa, kosa liko kwenye vitu ulivyochagua.

5. Hesabu kwa sikio

Kumbuka m ya ngeli hujitegemea: *m-la-ngo* ni mizani tatu, *m-si-ki-ti* nne. Lakini *ngu-zo* ni mbili. Irabu mbili zikifuatana, kila moja ina mizani yake: *pa-a*. Maneno kama kaskazi yana ubishi, maana wapo wanaohesabu s peke yake. Mimi huyaweka pembeni nikiweza.

Mshororo ukizidi, badili wakati wa kitenzi. Nilikuwa na "linapata maji", mizani sita. Nikafanya hivi:

Vuli ya kwanza —
birika la Husuni
lapata maji.

Vina je? Viache. Najua sikio letu linavidai, ila mishororo mitatu mifupi ikiwa na vina hugeuka methali.

6. Historia iandike nje ya shairi

Mwaka 1689 Matsuo Bashō, mshairi maarufu wa haiku, alifika Hiraizumi, kaskazini mwa Japani, makao ya ukoo wa Fujiwara ulioangamizwa mwaka 1189. Masimulizi ya mji aliyaweka katika nathari. Haiku yenyewe ikashika nyasi za kiangazi na ndoto za mashujaa. Fuata njia hiyo. Andika sentensi mbili au tatu juu ya shairi, mathalani: "Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na kisiwa kiko kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981." Hapo tarehe na majina vimepata mahali pake, na mizani zako zote 17 zimebaki kwa njiwa na maji.

7. Msomee mtu wa pale

Chagua nahodha wa mashua inayokurudisha Kilwa Masoko, mji wa bara ng'ambo ya kisiwa, au mama anayeishi jirani na magofu. Usimwulize kama shairi ni zuri, maana atakwambia ni zuri. Mwulize ndani ya shairi umesimama wapi na ni mwezi gani. Akikosea mahali, rudi hatua ya kwanza. Akikosea mwezi, rudi ya tatu. Na ukirudi kuangalia tena, usipande juu ya kuta, kwani chokaa ile imechoka.