Somo: Kupendeza Ufukweni Bila Kuungua Wala Kuchukuliwa na Maji

Wengi tukipanga safari ya ufukweni huwa tunaweka mavazi fungu lake na usalama fungu lake. Kwanza nguo za picha, halafu nafasi ikibaki begini ndipo tunachomeka chupa ya mafuta ya jua. Mimi nafundisha kinyume. Karibu kila kinachokukinga baharini ni kitu unachokivaa au kukipaka, kwa hiyo ukichagua vizuri unapendeza na unajikinga kwa mkupuo mmoja. Twende hatua kwa hatua, maswali yenu nimeyajibu chini.

Hatua ya 1: Chagua saa kabla ya kuchagua nguo

Fungua programu ya hali ya hewa kwenye simu utafute kipimo cha miale ya UV, ile miale ya jua inayounguza ngozi. Kikifika 3, ngozi inahitaji kinga. Kikiwa 8 na kuendelea, jua la mchana si la kuchezea. Kama huna simu, tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Kwa kawaida hiyo ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mawingu mepesi yasikuhadae, maana yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo. Mchanga mkavu nao hurudisha juu kama asilimia 15, na povu la bahari kama asilimia 25. Ndiyo maana mtu hushinda chini ya mwavuli na bado akarudi kaungua kidevu.

Uzuri ni kwamba saa za mwanga mzuri wa picha, asubuhi na jioni, ndizo hizo hizo ambazo jua limelegea.

Ukishajua jua, uliza maji. Wakati wa bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana, na maji huenda kwa nguvu. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mwendo wake ni wa upole zaidi. Na kama shida yako ni picha kule kwenye miamba, jua saa ambayo maji yanaanza kujaa. Yanaweza kukuzunguka kwa nyuma huku wewe bado unatafuta pozi.

Hatua ya 2: Vazi la majini

Rangi si urembo tu. Bluu hafifu, nyeupe na kijivu hupotea kabisa ndani ya maji. Mtu akizama mita moja humwoni. Chungwa la kuwaka, waridi la kuwaka na manjano kali huonekana kwa mbali. Kwa watoto hili silifanyii mjadala. Kwa mtu mzima anayependa nyeupe, avae akiwa mchangani, akiingia majini abadilishe au aongeze kofia ya kuogelea yenye rangi kali.

Jaribu vazi nyumbani mbele ya kioo: inama, inua mikono yote, ruka mara kadhaa. Likihama mahali pake chumbani, wimbi la kwanza litamaliza kazi. Kamba za shingoni zifungwe fundo mara mbili.

Kuhusu kitambaa, tafuta lebo ya UPF, yaani kipimo cha kinga ya nguo dhidi ya jua. UPF 50 maana yake sehemu moja tu kati ya 50 ya miale ndiyo inayopenya. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba haikaribii hapo, na ikilowa hupitisha zaidi. Huna lebo? Inyanyue nguo uielekeze kwenye taa. Ukiona vidole vyako vizuri upande wa pili, jua nalo linakuona. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana, chenye rangi iliyokolea, hukinga vizuri zaidi.

Hatua ya 3: Mafuta ya jua, na hapa ndipo wengi wanapofanya mchezo

Chukua yenye SPF (kipimo cha kinga ya mafuta) 30 au zaidi, na kwenye chupa paandikwe kwamba yanakinga UVA na UVB, aina zote mbili za miale ya UV. SPF 30 huzuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB, na SPF 50 kama asilimia 98. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko bei zinavyotaka uamini. Tofauti kubwa iko kwenye kipimo unachopaka. Mwili mzima wa mtu mzima unataka kama mililita 30. Ukipaka kidogo kidogo kama manukato, namba iliyoandikwa kwenye chupa haikuhusu.

Paka robo saa kabla ya kutoka, ukiwa bado hujavaa, ili usiache michirizi kwenye ukingo wa nguo. Rudia kila baada ya saa mbili, na kila ukitoka majini ukajifuta. Hakuna mafuta yasiyotoka kabisa kwa maji, hata chupa iseme nini.

Sehemu zinazosahauliwa ni hizi: juu ya masikio, nyuma ya shingo, juu ya nyayo, nyuma ya magoti na midomo. Waliosuka nao wana njia za kichwani. Zile mistari nyembamba kati ya suka na suka huungua zikauma usiku kucha. Pitisha mafuta kwa ncha ya kidole, mstari mmoja mmoja, au funga kitambaa.

Manukato acha nyumbani. Baadhi yana mafuta ya jamii ya michungwa ambayo yakikutana na jua huacha mabaka meusi. Maji ya ndimu pia, kwa hiyo anayekamua ndimu kwenye kinywaji anawe mikono kabla ya kurudi juani.

Hatua ya 4: Kofia, miwani, viatu, vito

Kofia ya ukingo mpana pande zote. Kapelo ni nzuri lakini masikio na shingo inaviacha wazi. Miwani iwe na alama ya UV400, yaani inazuia miale ya UV. Giza la kioo peke yake si kinga, tena miwani myeusi isiyo na kinga huifanya mboni ipanuke na kupokea miale mingi zaidi. Viatu vya wazi visivyoteleza, maana mchanga mkavu wa adhuhuri hubabua nyayo.

Vito vya thamani viache. Maji ya baridi hufanya vidole vinywee kidogo, pete ikatoka bila wewe kujua.

Hatua ya 5: Simama kabla ya kuingia

Dakika kumi tu, umesimama juu kidogo ya ufuo, unatazama maji. Bendera mbili za nyekundu na manjano zina maana kwamba kati yake kuna waokoaji: ogelea hapo. Bendera nyekundu ni hatari, nyekundu mbili maji yamefungwa, zambarau kuna viumbe wanaodhuru. Maana hubadilika kidogo nchi kwa nchi, basi soma ubao ulioko hapo.

Kisha tafuta mkondo unaovuta kwenda baharini. Alama zake ni pengo kati ya mawimbi yanayovunjika, maji yenye rangi nzito kuliko pembeni, na povu au mchanga unaotiririka kuelekea nje. Mtego ni kwamba pengo hilo linaonekana ndipo palipotulia, na mgeni huchagua papo hapo aingie na mtoto. Mkondo mkali unaweza kufika mita 2.5 kwa sekunde, na hakuna bingwa wa kuogelea anayeufikia.

Ukikuchukua, usishindane nao. Haukuvuti chini, unakupeleka nje tu. Elea chali, pumua, inua mkono uite. Ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo uelekee nchi kavu kule mawimbi yanakovunjika. Ukiona mwenzako amechukuliwa, usijirushe. Ita mwokoaji, kisha mrushie chochote kinachoelea, hata dumu tupu lililofungwa kifuniko. Na ujue anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono. Kichwa kimeinama nyuma, mdomo uko usawa wa maji, kimya.

Hatua ya 6: Baada ya maji

Oga maji baridi yasiyo na chumvi, badili nguo iliyolowa, kunywa maji hata kama huna kiu. Mwenzako akianza kuchanganyikiwa, akiongea ovyo na mwili ukiwa moto sana, hiyo si uchovu. Mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na muite msaada wa dharura mara moja.

Maswali ya wanachama

*Dada, mimi mweusi tii. Mafuta ya jua yananihusu kweli, na mbona yananiacha kama nimepakwa chokaa?*

Yanakuhusu, kaka. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inakukinga, lakini haifiki SPF 30, na madoa meusi hutusumbua sisi zaidi. Chokaa hiyo ni zinki oksaidi au titani dioksaidi, madini meupe yanayokinga jua. Tafuta ya rangi inayolingana na ngozi yako. Rangi hiyo hutokana na oksaidi za chuma, nazo husaidia pia kuzuia mwanga unaoleta madoa.

*Shikamoo. Mimi navaa kujisitiri mwili mzima. Naweza kuogelea na gauni refu?*

Marahaba mwanangu. Gauni la kitambaa cha kawaida usiingie nalo kina kirefu. Likilowa huwa zito na hujisokota miguuni. Nunua vazi la kuogelea la kujisitiri lililoshonwa kwa kitambaa kile kile cha mavazi ya kuogelea. Burkini, aliyoibuni Aheda Zanetti huko Australia mwaka 2004, ilitengenezwa kwa haja hiyo hasa. Kwa jua, wewe umetushinda wote: imebaki uso, mikono na nyayo.

*Nimeumwa na yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini anayewasha, mwaka juzi, watu wakataka kunikojolea. Inasaidia?*

Haisaidii, na inaweza kuzidisha. Suuza kwa maji ya bahari, siyo ya bomba. Toa mabaki kwa kibano, usisugue. Kisha maji ya moto unayoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, dakika 20 au zaidi. Ukishindwa kupumua au maumivu yakisambaa kifuani, hospitali.

*Mama mdogo, mwanangu ana miezi minne. Nimpake SPF ngapi?*

Usimpake, mpenzi. Chini ya miezi sita kinga yake ni kivuli, kofia na nguo nyepesi za mikono mirefu. Mchana mbakize ndani.

*Maboya ya mikononi yanatosha kwa wa miaka mitano?*

Hayatoshi. Yanatoka, yanapasuka. Mvalishe jaketi okozi la saizi yake, na wewe uwe karibu kiasi cha kumgusa kwa mkono. Boya kubwa la kupuliza, lile la umbo la bata, libaki kwenye bwawa. Upepo wa kutoka nchi kavu hulipeleka nje upesi kuliko unavyoogelea.

*Simu yangu imeandikwa IP68. Naingia nayo majini kupiga picha?*

Usiingie nayo hivi hivi. IP68 ni alama ya kuhimili maji, lakini majaribio yake hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, siyo ya bahari. Tumia mfuko wa simu usiopitisha maji, na kabla ya safari uujaribu na karatasi kavu ndani ya ndoo kwa nusu saa. Karatasi ikitoka kavu, weka simu.

*Lenzi za machoni je?*

Vua kabla ya kuingia. Vijidudu vya majini hukwama nyuma ya lenzi na kuharibu jicho. Kama huoni bila lenzi, zipo miwani za kuogelea zenye namba.