Kabla ya kupanga Maziwe, tazama maji

Ukija Tanga kupumzika na unakitamani kisiwa cha Maziwe, kule baharini mbele ya Pangani, usianze na bei ya boti. Anza na mwezi. Maziwe siku hizi ni fungu la mchanga tu, miti yake iliisha zamani, na maji yakijaa bahari hulifunika lote. Nimewaona wageni wamelipa, wamefika, hakuna pa kukanyaga. Inauma.

Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi. Hapo fungu linatoka jeupe, na matumbawe pembeni unayaona vizuri kwa miwani ya kupigia mbizi. Muulize nahodha saa ya kupwa, ondokeni mapema, mrudi kabla hayajajaa. Kivuli hakuna, kwa hiyo bebeni maji ya kunywa na kanga ya kujifunika. Ni hifadhi ya bahari; kombe na matumbawe yaacheni palepale, tafadhali.

Siku ambazo saa za maji hazikukubali, nenda mapango ya Amboni au makaburi ya kale ya Tongoni. Hayo hayangoji maji kupwa.