Jinsi ya kuchunguza kama vijana wa vibarua mtaani kwenu wanafikia kituo cha afya

Mwongozo huu ni wa kikundi cha vijana chenye simu tatu, daftari moja na wiki nne hivi. Nimeufuata Mukuru na Mathare, mitaa ya mabanda ya Nairobi, na mengi niliyoandika hapa nilijifunza kwa kukosea.

Hatua ya 1: Amua unamtafuta nani

Katiba ya Kenya ya 2010 inamtambua kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Shika hapo. Ukishuka chini ya 18 utahitaji idhini ya mzazi, na kazi itarefuka.

Neno "kazi" ndilo litakalokusumbua. Muulize kijana wa mjengo, "Unafanya kazi?" Atakujibu, "Sina kazi, nasukuma tu vibarua." Ukiandika "hana kazi," umempoteza mtu uliyekuja kumtafuta. Uliza hivi: "Kwa siku saba zilizopita, umefanya nini chochote cha kukupa pesa, hata kwa saa moja?" Hapo ndipo mama fua, mpiga debe na muuza mitumba wa Gikomba wataingia kwenye hesabu yako.

Hatua ya 2: Ruhusa

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka mtafiti awe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na utafiti wa afya hupitia kwanza kwa kamati ya maadili. Kikundi kidogo kitapata nafuu kikishirikiana na chuo au shirika lenye uzoefu wa hizo karatasi. Baada ya hapo pitia idara ya afya ya kaunti, msimamizi wa kituo na chifu. Usimsahau mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lenu. Anazijua nyumba moja moja, na akikutambulisha mlango hufunguka.

Usiandike majina wala nambari za simu kwenye fomu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya ya mtu kati ya data nyeti, na hata bila sheria, mtaani siri ikivuja hupewi nafasi ya pili.

Hatua ya 3: Maswali

Mara ya kwanza niliuliza, "Je, kituo cha afya kiko karibu nawe?" Karibu wote wakajibu ndiyo. Nilikuwa tayari kuandika kwamba hakuna shida, hadi mwendesha boda mmoja aliponiuliza: "Karibu ni nini? Ni dakika tano. Lakini nikikaa kwa foleni hadi mchana, pesa ya mwenye pikipiki nitaitoa wapi jioni?"

Tangu siku hiyo umbali nauuliza kwa haraka tu. Ninachopima ni saa. Muulize kuhusu mara moja, ile ya mwisho:

- Mara ya mwisho ulipougua hadi ukafikiria kutafuta matibabu, ulifanya nini kwanza?
- Kama ulienda kituoni: ulifika saa ngapi, ukaonwa saa ngapi, ukaondoka saa ngapi?
- Siku hiyo ulitarajia kupata pesa ngapi? Ukapata ngapi?
- Kama hukwenda, ulikwenda wapi, na ulilipa ngapi?

Swali la nne lina utajiri. Wengi hukimbilia duka la dawa kwa kuwa liko wazi hadi usiku na muuzaji atakukatia tembe za siku moja. Mwache mtu asimulie. Usimsomee orodha ya majibu.

Kuhusu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF Oktoba 2024, tenga maswali mawili: umejisajili? Umelipa mchango? Kujisajili na kulipa ni vitu viwili. Huduma za zahanati na vituo vya afya zimepangwa kugharamiwa na hazina ya afya ya msingi kwa aliyejisajili, lakini kwa matibabu ya hospitali kubwa mchango lazima uwe umelipwa. Kibarua hana mwajiri wa kumkata, kwa hivyo hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Muulize kama amewahi kushika 3,600 ambazo hazina mwenyewe.

Hatua ya 4: Mahali na wakati

Ukienda nyumba kwa nyumba mchana utakuta wasio na kazi siku hiyo. Wafuate wanakofanya kazi.

Kwenye mageti ya viwanda vya Industrial Area vijana hujipanga alfajiri wakingoja kuchaguliwa. Usiwahoji wakati huo. Macho yao yako kwa geti, na ukimfanya mtu akose nafasi umemlia siku yake. Ngoja uchaguzi uishe, uzungumze na waliobaki. Lakini hao waliobaki ndio walio na muda wa kwenda kliniki leo! Ukiwahoji wao peke yao, kituo kitaonekana chepesi kufikiwa. Rudi jioni uwapate waliochaguliwa wakitoka. Gawa nusu kwa nusu.

Watu 60 wanatosha kukuonyesha shida iko wapi. Hawatoshi kusemea Nairobi yote, yenye wadi 85, kwa hivyo usiandike "vijana wa Nairobi." Andika jina la mtaa wenu.

Hatua ya 5: Kuingiza data

Programu ya KoboToolbox, ya kujazia fomu kwa simu, hufanya kazi bila intaneti na kutuma fomu ukipata mtandao. Mtego uko kwenye saa. Mtu anakwambia alifika saa tano akaondoka saa nane. Mwenzetu mmoja aliandika 11:00 kisha 08:00. Kwenye jedwali, mgonjwa alitoka kituoni kabla hajafika. Tulirudia fomu 14. Siku hizi tunaandika saa ya Kiswahili kama ilivyotamkwa, pamoja na "asubuhi" au "mchana," kisha mtu mmoja anabadilisha zote jioni.

Hatua ya 6: Kupeleka matokeo

Anza na msimamizi wa kituo, kabla ya mtu mwingine yeyote. Mara nyingi anajua foleni ni ndefu, ila hajawahi kuiona ikiwa imeandikwa kwa shilingi zilizopotea. Halafu tazama kalenda ya kaunti: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ombi la kliniki ya jioni, hata siku mbili kwa wiki, linahitaji mshahara wa muuguzi na askari wa zamu. Lipeleke Julai au Agosti, karatasi moja, jedwali moja, na nakala nyingine uibandike pale kijiweni ulipowahoji.